Mlango wa Kulia

IJUMAA, SAA 9:40 ALASIRI

Damian alipanga vizibo vitatu vya soda juu ya meza. Cha kwanza, duka la mnunuzi wa dhahabu, Masumbwe. Cha pili, ghala la pamba, nje ya mji, upande wa kuelekea Ushirombo. Cha tatu, kanisa, Ushirombo kwenyewe. Akavitazama, kisha akakisogeza kile cha tatu kidogo, kana kwamba kanisa lilikuwa limekaa vibaya.

Chumba kilikuwa nyuma ya karasha, Segese. Karasha likianza kusaga mawe hata wewe mwenyewe husikii unachowaza, na ndiyo maana Damian alipapenda. Vumbi lilikuwa kwenye chai, kwenye kope, kwenye meno.

Walikuwa wanne. Damian mwenyewe, mfupi, mpole wa sauti, mtu ambaye hujawahi kumwona akikasirika na ndiyo sababu unamwogopa. Ritha, aliyekuwa akipika chai na kufagia katika lile duka la Masumbwe. Luka, mchimbaji wa miaka ishirini na saba, mikono mizito, kichwa chepesi. Na Bujiku, kaka yake Luka, dereva.

Mpango ulikuwa hivi. Kila Jumamosi saa nne asubuhi mnunuzi hufungua sefu, apakie mzigo wa wiki kwenda Geita sokoni. Ritha atampa mlinzi chai, na ataiweka uani ili mlinzi aifuate huko. Damian na Luka wanaingia. Wanatoka. Pikipiki mpaka ghala la pamba. Pale wanaiacha pikipiki na kuingia kwenye gari. Na gari hilo, asikwambie mtu, ndilo lilikuwa mpango wote.

Lilikuwa Mustang. Jeupe, milango miwili, silinda nane, nguvu za farasi mia nne na sitini. Mwenyewe ni Mzee Gregory wa Kahama. Duara lake, yaani shimo lake la machimbo, lilitema dhahabu, akaagiza gari kutoka Marekani, mji mzima ukatoka kulipokea. Kisha akaliogopa. Alikwenda nalo kanisani mara mbili, mara ya tatu akampa Bujiku funguo: akodishe kwa maharusi, na mwendo usizidi hamsini. Miaka mitatu Bujiku alilikokota dude lile kwa gia ya pili, nyuma ya matarumbeta, bibi harusi akijipepea kiti cha nyuma, na injini ikinung'unika chini ya miguu yake bila kupewa nafasi hata siku moja.

Kesho kulikuwa na harusi Ushirombo. Misa saa nne na nusu. Damian alieleza taratibu, kama mtu anayesoma tangazo la parokia. Gari likionekana uwanjani mwa kanisa saa nne na robo, limefungwa maua, basi halikuwa Masumbwe saa nne. Haliwezi. Kwa Noah ni dakika ishirini na tano, tena umekimbiza. Polisi watafunga barabara, watapekua mabasi na malori. Nani atapekua gari la bibi harusi?

"Wewe dakika ngapi?" Damian akamuuliza Bujiku.

"Kumi na mbili."

"Huwezi kumi?"

"Kuna matuta vijiji vitatu. Lile gari limelala chini. Tuta unalipanda kwa upande, la sivyo unaacha tumbo hapo hapo."

Luka akacheka kwa furaha, akampiga kaka yake begani. Alikuwa hajawahi kupanda gari lile, wala kuligusa. Mzee Gregory hakupenda wachimbaji walisogelee.

Baadaye walifanya mazoezi uani kwa Noah ya Damian. Kutoka kwenye pikipiki, kukimbia, kuingia. Mara kumi. Kila mara Luka alizunguka upande wa kushoto, akafungua, akaingia. Safi kabisa. Bujiku akawaambia, tena mara mbili, kwamba gari la Marekani usukani wake uko kushoto, mlango wa abiria uko kulia, na wa kwenda nyuma hawezi kuingia mpaka kiti cha mbele kikunjwe. Kwa hiyo Luka atangulie, Damian afuate. Luka akasema anajua, kaka, yeye si mtoto. Damian akasema muda umekwenda.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Bujiku aliliona halafu akalisahau. Jumatano Damian alimfuata pale anapooshea gari, peke yake. Akakaa kiti cha kulia. Akafungua mlango, akafunga. Mara tatu. Akashukuru, akaondoka.

JUMAMOSI, SAA 2:40 ASUBUHI

Ukimuuliza Bujiku kwa nini alikubali, atakwambia ni kwa ajili ya Luka. Na si uongo wote. Luka angekwenda na Damian hata bila yeye. Baba yao alikufa duarani Nyarugusu. Udongo uliposhuka wenzake wawili walitoka, wakakimbia, hakuna aliyegeuka. Tangu siku hiyo mama yao, Paskazia, alikuwa na neno moja tu kwa mtoto wake mkubwa, na Jumapili iliyopita alilirudia akimmenyea viazi: "Wewe ndiye mkubwa. Ukitoka naye, rudi naye."

Hiyo ndiyo sababu aliyoweza kuisema. Nyingine ilikuwa kwenye mguu wake wa kulia, na ilikuwa inawasha tangu alfajiri.

Alitoka Kahama kwa hamsini, kistaarabu. Riboni nyeupe na maua ya plastiki aliviweka kwenye buti, maana kwa mwendo aliokuwa akiufikiria vingebaki vyote porini. Askari wa barabarani alimpungia mkono. Bujiku akampungia.

SAA 3:52

Alirudisha gari kinyumenyume mpaka nyuma ya ghala, pua ikitazama lami. Hakuzima injini. Harufu ya pamba mbichi iliingia dirishani. Mama mmoja alipita na ndoo, akamsalimia, akauliza harusi ya nani. Bujiku akamtajia. Mama akasema Mungu awatangulie.

Akafuta mikono kwenye suruali yake nyeusi ya harusi, akaifuta tena.

SAA 4:06

Wamechelewa. Kisha akasikia, na alichosikia hakikuwa pikipiki moja. Zilikuwa nyingi, na honi.

Ya kwanza kutokea kwenye kona ya ghala ilikuwa ya Damian, Luka nyuma yake, mkoba wa ngozi katikati. Ritha aliweka chai uani, lakini mlinzi hakuifuata: alikuwa amefunga siku hiyo, kwa nadhiri yake mwenyewe, na hakuna aliyewaza kumuuliza. Sasa alikuwa mita mia moja nyuma yao, amepakiwa kwenye bodaboda, na bunduki ya marisau. Nyuma yake bodaboda nane au kumi. Watu wa bodaboda hawaitwi mara mbili kumfukuza mwizi.

Damian aliruka kutoka kwenye pikipiki ikiwa bado inakwenda. Akakimbilia kulia. Akafungua, akatupa mkoba, akaingia, akafunga.

Luka akakimbilia kushoto.

Miguu ilikwenda ilikofundishwa. Mara kumi uani kwa Damian, na maisha yake yote kabla ya hapo, kila gari alilowahi kupanda. Akashika kitasa, akavuta, akajikuta uso kwa uso na kaka yake. Kioo kilikuwa katikati yao. Bujiku aliona anavyoelewa. Aliona macho yake yakihesabu safari ya kuzunguka boneti.

"Huku!" Bujiku alipiga kelele, akionyesha kulia. Kisha akamgeukia Damian. "Shuka. Kunja kiti aingie."

Damian hakushuka. Alikuwa ameshika bastola mapajani, mdomo wake umeelekea mbavu za Bujiku, na sauti yake ilikuwa ile ile ya parokia.

"Kanyaga."

Bunduki ya mlinzi ikalia. Luka akaanguka mbele ya taa, akishika paja. Akajivuta kando na kuinua mkono mmoja.

Ilikuwapo njia. Bujiku angeweza kufungua mlango wake, kushuka, kukunja kiti chake na kumvuta ndani. Sekunde tano, pengine sita. Damian angempiga risasi au asingempiga. Alifikiri hayo yote baadaye. Wakati ule mguu wake wa kulia ulishuka kabla yeye hajaamua lolote.

SAA 4:07

Gia ya kwanza ililia mpaka ghala likaitikia. Ya pili ikamgandamiza mgongo kwenye kiti. Mkono wa kulia ukavuta ya tatu, na lami ya Ushirombo ikaanza kuingia chini ya gari kana kwamba kuna mtu anaivuta kwa kamba. Mshale ukavuka themanini. Hizo ni maili. Kwa kilomita zetu ni mia na thelathini, na gari bado lilikuwa linapasha tu. Ya nne. Mistari myeupe ya katikati ikaungana ikawa mmoja. Mpunga upande huu, pamba upande ule, mtu na baiskeli, ng'ombe waliosimama kushangaa, vyote vikabaki nyuma kabla majina yake hayajamfika mdomoni. Tuta la kwanza alilikata kwa upande, tairi moja moja. Akakanyaga tena, na ile sauti ya silinda nane ikampanda kutoka kwenye nyayo hadi kifuani. Ya tano. Mia na kumi. Usukani ulikuwa mwepesi mkononi, gari limetulia tuli, lina akili, linamsikiliza. Miaka mitatu lilikuwa likimwomba hivi tu.

Na niseme ukweli, maana sina sababu ya kumsafisha mtu. Bujiku alifurahi. Mdogo wake yuko chini na marisau pajani, na yeye alifurahi. Aliona kwenye kioo cha juu meno yake yako nje. Hakuwahi kujichukia namna ile.

Damian alikuwa akitafuta mkanda. Aliupapasa upande wa kushoto, upande ambao abiria wa Tanzania huuzoea, akakosa, akaacha. Akaweka mkoba vizuri miguuni.

"Watamalizana naye pale pale," akasema. "Hatapata muda wa kusema."

Bujiku akakumbuka Jumatano. Kufungua, kufunga. Mara tatu.

"Damian. Ulijua atakimbilia kushoto."

"Angalia barabara."

"Ulikuja kujifunza mlango peke yako. Jana nikasema mara mbili na wewe ukasema muda umekwenda."

"Gari lina viti viwili vya maana," Damian akasema kwa upole. "Angalia barabara."

Bujiku akaangalia barabara. Ilikuwa tupu, imenyooka, hadi inapopotelea kwenye kilima. Akaangalia bega la Damian, palipotakiwa kupita mkanda. Hapakuwa na kitu. Kisha akaegemea kiti, akakaza mikono, na akakanyaga breki kwa miguu miwili.

SAA 4:10

Tairi zilipiga mayowe. Damian alikwenda na kichwa, akapiga dashibodi, akarudi, akapiga tena. Bastola ikalia mara moja na kutoboa paa, kisha ikaanguka chini ya kiti. Gari liliposimama moshi wa mpira ulilipita kwa mbele. Bujiku akanyoosha mkono, akafungua mlango wa kulia, akamsukuma nje kwa mguu. Damian alidondokea kwenye changarawe, pua imekwenda upande. Polisi walimkuta mchana kwenye shamba la pamba, kilomita mbili kutoka hapo, na hakuwa na ubishi.

Mkoba ulibaki.

Bujiku akageuza gari. Ushirombo ilikuwa mbele, maharusi, padri, ushahidi wake wote wa kuwa hakuwapo. Akaupa mgongo. Wenye hasira hawachukui muda mrefu, hilo kila mtu wa machimboni analijua. Kwanza mateke, halafu mawe, halafu mtu anakumbuka lilipo tairi bovu. Alihesabu dakika huku akipandisha gia. Gari lilikuwa lile lile, barabara ile ile, na safari hii hakusikia raha yoyote. Alisikia kwamba ni la polepole.

SAA 4:13

Umati ulikuwa umefunga mduara mbele ya ghala. Tairi lilikuwa limeshaletwa. Bujiku akaingia kwa honi, taratibu, pua ya gari ikisukuma watu magotini, mpaka akamwona Luka chini, shati limechanika, damu kichwani. Akazima injini. Akashuka mikono juu, mkoba katika mkono mmoja.

"Mzigo huu hapa," akasema. "Wote. Na mimi nipo."

Akautupa miguuni kwa mlinzi. Kofi la kwanza lilimkuta mdomoni, la pili hakuliona lilikotoka. Hakujikinga. Alianguka na kutambaa, akamlalia Luka juu, na mateke yaliyokuwa ya Luka akayapokea yeye. Mlinzi alikuwa akifungua mkoba na kupiga kelele kwamba umetimia, umetimia, na kelele hizo zilimpa sekunde chache. Kisha risasi moja ikapigwa hewani na watu wakarudi nyuma.

Alikuwa Koplo Febronia wa kituo cha polisi cha Masumbwe, mama mnene mwenye kofia mkononi, amekuja kwa bodaboda kwa sababu gari la kituo lilikuwa Geita kikazi. Aliwaambia watu wasogee, akamwita mlinzi kwa jina la baba yake, akapiga goti. Alitazama paja la Luka. Damu ilikuwa inatoka kwa kurukaruka.

"Huyu anataka Kahama," akasema. "Na anaitaka sasa hivi."

"Kwenye buti kuna riboni, afande," Bujiku akasema. "Ndefu."

Wakamfunga paja kwa riboni nyeupe za harusi, mizunguko miwili, wa tatu akaukaza Koplo mwenyewe kwa meno. Zikawa nyekundu, lakini damu ikapungua. Bujiku akambeba mdogo wake, akazunguka naye boneti.

"Huku, Luka," akamwambia. "Mlango uko huku."

Akakunja kiti, akamlaza nyuma. Koplo Febronia naye akaenda haraka kupanda, akafungua mlango wa kushoto, akakutana na usukani. Akasimama hapo, amekasirika.

"Kulia, afande. Kila mtu hukosea."

Alizunguka, akaketi, bunduki magotini. Akamwonyesha Bujiku pingu, kisha akazirudisha mfukoni.

"Linakimbia hili?"

"Linakimbia."

"Basi kanyaga."

SAA 4:21

Kilomita za mpaka Kahama zilikatika huku Koplo akisali kwa Kisumbwa na kupunga mkono dirishani kuwafukuza wenye baiskeli. Askari wa barabarani yule wa asubuhi aliinua mkono, akaona sare ndani, akaushusha. Bujiku hakutazama mshale hata mara moja. Alikuwa akisikiliza nyuma.

"Kaka."

"Naam."

"Umerudi."

"Niliondoka kwanza, Luka."

Bujiku akaingiza gia ya sita, ambayo hakuwahi kuigusa tangu gari lifike Tanzania, na akaomba isimwangushe.

Manesi walimpokea Luka mlangoni mwa hospitali kwa kitanda cha magurudumu. Dakika nzima Bujiku alisimama uwanjani na mikono yenye damu. Kisha mmoja akatoka, akasema anapumua. Hapo ndipo alipogeuka mwenyewe na kunyoosha mikono kwa pingu. Alimwomba Koplo amfikishie Mzee Gregory funguo, na ujumbe kwamba paa limetoboka na anaomba radhi. Maharusi wa Ushirombo waliingia kanisani na pikapu ya wapiga matarumbeta.

JUMATANO, SAA 5:00 ASUBUHI

Ritha alikuwa ameshakamatwa, Damian yuko wodini na pingu kitandani. Bujiku alitolewa mahabusu, akapelekwa kwenye benchi la wageni. Mama yake alikuwa ameketi pale, kanga mpya, mfuko wa nailoni wenye viazi vitamu magotini.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba."

Alimtazama mdomo uliovimba, akamgusa kwa kidole. Akasema mguu wa Luka umepona kukatwa, daktari kashangaa. Akasema kesi ni kesi, watakwenda wote wawili, naye atakuwa akija kila wiki. Kisha akakunja mdomo wa ule mfuko.

"Luka ameniambia yote," akasema. "Kwamba wale walikimbia na wewe ukabaki naye. Hukumwacha hata dakika moja."

Bujiku akafungua mdomo. Zilikuwa dakika sita. Alikuwa amezihesabu mahabusu usiku na mchana, toka ya kwanza hadi ya sita, na tatu za mwanzo alikuwa na meno nje.

Mama yake alikuwa akimenya kiazi. Alimpa nusu, kubwa kuliko ile aliyobaki nayo.

"Kula," akasema.

Akala.